Lala karibu na mto: banda la kuvulia trauti katika Hifadhi ya Aberdare

Swali: Sisi ni ndugu na mabinamu sita kutoka Thika, na wa saba ni mwanangu wa miaka tisa. Tumezoea kuvua tilapia kwenye mabwawa kwa minyoo na tonge la ugali. Mwaka huu tunataka kujaribu trauti wa Aberdare. Wengine wanasema tukodi banda la KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) ndani ya hifadhi, wengine wanasema tulale hoteli Nyeri na kupanda kila asubuhi kwa gari. Tuchukue lipi, mwezi gani, na tujiandae vipi?

Jibu:

Ndugu yangu, chukueni banda. Hoteli ya Nyeri itawapa godoro zuri na chai ya asubuhi mezani, lakini itawanyang'anya saa mbili za siku ambazo trauti anakula: ile ya alfajiri na ile ya magharibi. Malango ya hifadhi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na saa kumi na mbili jioni mgeni wa siku anatakiwa awe nje. Ukiamka Nyeri, ukanywa chai, ukapanda ile barabara ya milimani, ukaandikishwa langoni, ukifika mtoni jua limeshamulika maji na samaki kajificha chini ya mwamba. Jioni nayo, wakati wadudu wanaanza kucheza juu ya maji, wewe unakunja mshipi ukihesabu dakika za lango. Aliyelala bandani yuko mtoni wakati huo, ana kikombe mkononi.

Ndiyo maana ninapoulizwa banda lipi, siangalii picha za sebule. Nauliza kwanza: mto uko wapi?

Kwa kundi lenu jibu ni moja, nalo ni yale mabanda yanayoitwa Fishing Lodge, upande wa lango la Kiandongoro. Ni nyumba mbili za mawe, zimesimama juu ya uwanda wa baridi unaoteremka kuelekea Mto Gura. Kila nyumba hulaza watu saba, kwa hiyo moja inawatosha kamili, mtoto akiwemo. Ndani kuna mahali pa kuotea moto, jiko la gesi, vyombo na matandiko. Umeme msiutegemee, ni taa za mafuta, na kuni ndizo zinazoleta joto. Mtu akizizoea taa zile hata simu anaisahau, tena mtandao wenyewe huko juu ni wa kubahatisha.

Kuna mengine mawili ambayo mtatajiwa. Tusk Camp iko upande wa lango la Ruhuruini. Asubuhi isiyo na mawingu utauona Mlima Kenya umesimama mbele yako kama umechorwa, na wanyama ni wengi kuliko kule juu. Mimi napapenda sana, ila ni banda la mtazamaji wa wanyama. Mvuvi atatumia muda wake mwingi ndani ya gari. Sapper Hut, kando ya Mto Magura juu ya maporomoko, ina vitanda viwili tu. Sapper kwa Kiingereza ni mhandisi wa jeshi, na kibanda chenyewe kina ukali huo wa kijeshi: moto, vitanda, maji yanayoporomoka nje, basi. Kama siku moja utataka kwenda na mama watoto peke yenu, nenda pale. Kwa watu saba msijaribu hata kukiuliza.

Wapo pia watakaokwambia habari za Rutundu, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya. Ni vibanda vya magogo kando ya ziwa dogo lenye trauti, na juu yake zaidi kuna Ziwa Alice kwa wenye miguu ya kupanda. Ndipo Oktoba 2010 Mwanamfalme William wa Uingereza alipomposa Kate Middleton, na tangu hapo watu wengi hupaulizia kwa ajili ya pete kuliko kwa ajili ya samaki. Wachumba wale wawili wenyewe waliondoka bila kunasa hata mmoja, na bibi harusi mtarajiwa akaliandika jambo hilo kitabuni mwa wageni bila kuficha. Ni pazuri mno, lakini gari huachwa ng'ambo ya bonde na mizigo hubebwa kwa miguu, na bei yake ni ya watu wengine. Kwa safari ya kwanza, tena na mtoto, sipapendekezi.

Sasa kuhusu huyo samaki mwenyewe, maana ukimjua utaelewa kwa nini nawatesa na mambo ya saa na mito. Trauti si mwenyeji wa Kenya. Mayai ya kwanza, ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven huko Uskoti, yaliletwa mwaka 1905 na Mzungu aitwaye Ewart Grogan, na Gura ni kati ya mito ya mwanzo kabisa kuyapokea. Yule trauti mwenye ukanda wa waridi ubavuni, ambaye asili yake ni magharibi ya Amerika Kaskazini, alifuata miaka michache baadaye. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikaanzisha kituo cha kuzalisha trauti pale Kiganjo, na vifaranga vyake vikapandwa kwenye mito ya Aberdare na Mlima Kenya. Mito ile ya juu, kwa ubaridi na maporomoko yake, ilikuwa karibu haina samaki. Mgeni akakuta nyumba tupu, akahamia.

Anachotaka ni maji baridi yenye hewa nyingi. Yakipita nyuzi 20 huanza kuteseka, na yakizidi sana hufa. Kwa hiyo ile Chania mnayoiona ikipita hapo kwenu Thika, ingawa nayo inashuka kutoka milima hii hii, ikifika kwenu imeshapata joto na si maji yake tena. (Na mkifika Nyeri mtakuta mto mwingine uitwao Chania. Msije mkadhani mmeufuata wa kwenu hadi chanzoni. Ni mito miwili, jina moja.)

Huko juu baridi haikosekani, ila chakula ni haba, na samaki wengi ni wadogo. Mkinasa wa urefu wa kiganja na vidole, mmefanya kazi. Aliyezoea kuvuta tilapia wa kilo bwawani anaweza kucheka, lakini acheke baada ya kumshika. Mkiwa na hamu ya samaki wa kupiga naye picha mmemkumbatia kama mtoto, basi trauti si wenu. Fikirieni siku nyingine Kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria upande wa Tanzania, ambako hifadhi ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la huko, nayo ina mabanda na inaruhusu uvuvi wa mchezo, na samaki wake ni sangara.

Mwezi. Hapa ndipo mtoto wako anapoleta utata, na nakuambia wazi. Miezi bora kwa Gura ni Januari na Februari: mvua za vuli zimekwisha, barabara imekauka, maji yametulia. Lakini mtoto yuko shuleni. Likizo ya Aprili ni katikati ya masika, msithubutu. Barabara za ndani ni udongo mwekundu unaogeuka sabuni, na mto hushuka na rangi ya chai ya maziwa. Katika maji hayo trauti haoni nzi wako wa bandia, yaani chambo chako, na wewe huoni shimo unalokanyaga. Zinabaki Agosti na Desemba. Agosti barabara hupitika, ila kuna ukungu na baridi inayopenya hadi mifupani. Siku nyingine ukungu haunyanyuki hadi saa sita mchana. Desemba ya mwanzo bado ni bahati nasibu ya mvua. Ningekuwa mimi, ningechukua siku za mwisho wa Desemba, tena ningeweka nafasi mapema sana, kwa sababu kila familia yenye wazo kama lenu inautaka wakati huo huo. Agosti iwe ya akiba.

Gari liwe la kuvuta magurudumu yote manne, hata mwezi wa kiangazi. Mvua inayonyesha kwa muda wa saa moja tu mchana yatosha kuiharibu barabara. Siku moja tulipandia upande wa Naivasha, lango la Mutubio, tukiwa na gari ambalo mwenyewe aliapa linapanda popote. Lilipanda, kisha likalala ubavuni mwa mtaro, nasi tukala chakula cha jioni barabarani tukimulikwa na tochi. Kutoka Thika nyie pitieni Nyeri, mjaze mafuta hapo hapo mjini, na mhesabu kwamba hamtaona kituo kingine hadi mrudi.

Malipo yanawachanganya wengi, kwa hiyo soma hapa polepole. Bei ya banda ni ya kulala tu. Juu yake kuna kiingilio cha kila mtu, na mtoto ana bei yake, na gari lina bei yake. KWS hupokea malipo kwa njia ya eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Usifike langoni na bahasha ya noti. Kisha kuna kibali cha kuvua, ambacho si sehemu ya kiingilio, pamoja na leseni ya uvuvi wa mchezo ambayo ni ya upande wa idara ya uvuvi. Watu hufika mtoni na karatasi moja wakidhani inatosha. Pigeni simu makao makuu ya hifadhi, Mweiga, wiki mbili kabla, muulize mambo haya kwa mpangilio: vibali vyote viwili vinatolewa wapi, mto upi umefunguliwa kwa uvuvi wakati huo, idadi na urefu wa samaki anayeruhusiwa kuchukuliwa, na gharama ya kupewa askari. Hapo hapo muulize habari za banda lenyewe: gesi ipo? Kuni zinauzwa pale au mje nazo? Maji ya moto yanafanya kazi? Mabanda haya ni ya zamani, na mtunzaji ndiye anayejua hali ya leo, si picha za mtandaoni.

Huyo askari msimwone kama gharama ya ziada. Aberdare ina tembo, chui na faru, lakini mnyama ninayemhofia mvuvi akutane naye ni nyati. Nyati dume mzee hupenda kulala vichakani kando ya maji, na mto unaoporomoka hufunika mlio wa hatua zako, hivyo hakusikii hadi umemfikia. Askari wa KWS anajua kichaka gani ni cha nani. Akisema tusipite hapa, msimbishie kwa sababu mmeona samaki akiruka upande ule. Mtoto asitembee mbele wala nyuma ya kundi. Akae katikati, na mtoni awe na mtu mzima mmoja ambaye siku hiyo hana ufito wa kuvulia mkononi. Mpangiane zamu. Na mkienda kutazama maporomoko ya Karuru, ambayo hushuka mita 273 kwa ngazi tatu, mshikeni mkono muda wote. Mawe ya kule huteleza hata yakionekana makavu.

Usiku fungeni milango na madirisha, na msiache kitu barazani. Buti langu moja lilibebwa na fisi usiku wa kwanza wa safari ya siku tatu. Siku mbili zilizobaki nilivua nimevaa buti moja na kandambili moja, na wenzangu hawajaacha kunisimulia harusini na matangani.

Sasa jikoni, maana hili halimo kwenye kijitabu chochote cha wageni. Mko takriban mita 3,000 juu ya bahari. Hapo maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 90 tu, kwa hiyo yanatokota kwa kelele lakini hayana moto wa kutosha. Maharagwe mnayoweka saa nane mtayala kesho kutwa. Githeri ichemsheni nyumbani hadi iive kabisa, mje kuikaanga tu. Au mje na sufuria ya presha. Wali nao huchelewa, nyama chagueni laini. Unga wa ugali, mayai, viazi, mboga za kukatwa, chai nyingi na tangawizi. Maji ya kunywa mje nayo, au mchemshe ya bomba na kuyaacha yatokote dakika kadhaa.

Mwinuko huo utawashika pia vichwa. Kutoka Thika mnapanda karibu mita 1,500 kwa siku moja. Maumivu kidogo ya kichwa na usingizi wa mang'amung'amu usiku wa kwanza ni kawaida. Siku ya kufika msipange kazi nzito, kunyweni maji, pombe iache ingoje. Mtoto akianza kutapika au kuchanganyikiwa, hakuna mjadala, mshusheni Nyeri usiku huo huo. Hapa kuna sababu nyingine ya kuwa na gari linaloaminika.

Vifaa. Minyoo na ugali waachieni tilapia. Huku trauti huvuliwa kwa nzi wa bandia: ndoana ndogo iliyovikwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu. Ufito mfupi, futi saba au nane, wa mshipi namba nne (namba ni ya uzito wa mshipi), unatosha, kwa sababu kingo za mto zimejaa vichaka na ufito mrefu utavua majani. Nzi aitwaye Kenya Bug, mweusi mwenye manyoya yaliyosimama mwili mzima, ni wa hapa hapa nyumbani na bado ndiye ninayemfunga kwanza. Chukueni kumi na mbili, maana sita mtawaacha vichakani. Meno ya nyuma ya ndoana yabaneni kwa koleo. Samaki mdogo utamrudisha bila kumchana mdomo, na siku ndoana ikiingia sikioni mwa binamu yako utanishukuru.

Kurusha mshipi wa nzi si nguvu, ni mpigo. Msisubiri kujifunzia mtoni. Mwezi mzima kabla ya safari, jioni, nendeni uwanja wowote wenye nyasi, mfunge kipande cha uzi wa sufu mahali pa ndoana, mrushe kuelekea sahani iliyowekwa hatua kumi na tano mbele. Nyuma acheni mshipi unyooke kwanza, ndipo mlete mbele. Mtoto wako atawashinda wote. Watoto hawatumii mabavu.

Mtoni, kumbukeni trauti huelekeza kichwa kule maji yanakotoka, akingojea chakula kiletwe. Kwa hiyo mwendee kutoka nyuma, ukipanda mto. Vaa rangi ya majani, piga goti, na jua likiwa mgongoni angalia kivuli chako kisiingie majini kabla yako. Tupa nzi juu ya mahali unapodhani yuko, mwache ashuke na mkondo bila kuvutwa. Anakaa wapi? Nyuma ya jiwe, chini ya ukingo uliochimbika, na pale mkondo wa kasi unapopakana na maji yaliyotulia: mwili wake unapumzika kwenye utulivu, mdomo wake unangoja kwenye kasi. Rusha mara tatu au nne, ukikosa sogea. Watu wa mabwawa mnakosea hapa, mnaketi. Trauti hangojewi; anafuatwa. Mkiwa saba msiingie sehemu moja. Wawili wawili, kila jozi na kipande chake cha mto, kwa umbali ambao askari amekubali.

Gura ina kasi ya kutisha hata ikionekana ya magotini, na mawe yake ni kama yamepakwa mafuta. Mabuti ya mpira yanayofika kiunoni yakijaa maji ni mzigo wa jiwe. Funga mkanda juu yake, na usivuke penye maji yanayozidi goti. Ukiona mto umeanza kubeba vijiti na majani na rangi imebadilika, mvua imenyesha juu hata kama kwenu kuna jua. Tokeni. Kwenda kunywa chai si kushindwa.

Mkipata wanaoruhusiwa kuchukuliwa, chagueni wawili watatu wa sufuria, wengine warudi. Lowesha mikono kabla ya kumshika, usimbane tumbo, mwelekeze kichwa kwenye mkondo hadi ajivute mwenyewe. Wa sufuria msafishe mapema, lakini matumbo msiyatupe karibu na banda. Fisi wangu yule bado yuko. Chumvi, siagi, kitunguu saumu, moto mdogo, dakika nne kila upande. Nyama yake haihitaji pilipili wala nyanya, ingawa najua mtaweka.

Chukueni usiku tatu. Wa kwanza ni wa kichwa kuuma, wa pili ndio wa kujifunza, na asubuhi ya tatu ndiyo mtakayovua kweli. Kila mtu awe na sweta nzito, soksi za sufu, kofia na koti la mvua. Usiku baridi hukaribia kuganda, na blanketi moja ya ziada kwa mtoto haitakuwa nyingi. Mpe pia kazi ya moto, ya kupanga kuni na kuuliza lini ziwekwe. Wangu nilimpa kazi hiyo akiwa na umri kama wa wako, na hadi leo tukipanda Kiandongoro hakubali mtu mwingine aushike ule moto.